Usiku wa Rembrandt: mwanga usiochorwa na wino unaokula karatasi

Chukua karatasi nyeupe na kalamu ya wino, kisha jaribu kuchora mshumaa unaowaka gizani. Utakwama mapema tu. Wino unajua kutia giza, haujui kutia mwanga. Sasa mwanga utautoa wapi?

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17, zama za sanaa ya Baroko, walipenda sana mandhari ya usiku. Rembrandt, Mholanzi, alichora moja kwa wino wa kahawia katika miaka ya 1640. Mchoro huo unaitwa "Nyota ya Wafalme" na unatunzwa British Museum, London. Ni usiku wa Epifania: watoto wanapita mitaani na taa yenye umbo la nyota, watu wamekusanyika kuitazama.

Ujanja wake ni huu: mwanga ni karatasi yenyewe. Mchoraji anazimua wino kwa maji, anapaka giza kwa brashi kuzunguka taa, na pale penye mwanga anapaacha.

Lakini giza lianzie wapi? Hapo fizikia inaingia. Uso ulio mita 1 kutoka kwenye mshumaa hupata takriban luksi 1 ya mwanga. Usogeze hadi nusu mita, inakuwa luksi 4. Urudishe hadi mita 2, inabaki robo ya luksi. Yaani umbali ukizidi mara 2, mwanga unapungua mara 4. Mchana, hatua 2 si kitu, maana jua liko mbali mno. Usiku kando ya mshumaa, hatua hizohizo 2 zinatosha kumfanya mtu awe kivuli. Ndiyo maana mandhari hizi zina mvuto: anayeonekana na anayepotea gizani wamesimama karibu karibu.

Tuje kwenye wino. Wachoraji wa wakati ule walikuwa na aina kadhaa. Mmoja ulitokana na masizi ya kuni. Mwingine, uliotumika sana, ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, ambavyo huota nyigu anapotaga mayai kwenye mti huo. Vivimbe hivyo vimejaa tanini. Changanya na salfeti ya chuma, maji na gundi, unapata wino ambao ukiandikwa ni hafifu, kisha unakolea kadiri oksijeni ya hewani inavyoufikia. Baada ya miaka mingi hugeuka kahawia.

Kumbe wino huo una shida yake. Ndani yake mna asidi ya salfuriki, na asidi hiyo hukatakata nyuzi za selulosi zinazoishika karatasi. Chuma kilichobaki bila kuungana na tanini huchochea oksijeni kuzishambulia nyuzi hizohizo. Unyevu ukiongezeka, kazi inaenda kasi. Baadhi ya michoro ya Mwitaliano Guercino imetoboka palepale wino ulipokuwa mzito. Fikiria maana yake kwa mchoro wa usiku: kadiri giza lilivyokolezwa, ndivyo karatasi inavyokuwa hatarini zaidi.

Wahifadhi hupima kwa kipande kidogo cha karatasi chenye kemikali, ambacho hugeuka chekundu kikigusana na chuma hicho hatari. Wakati mwingine mchoro huoshwa kwa dawa inayokamata chuma na kupunguza asidi, ingawa si kila mchoro unaweza kustahimili maji. Zaidi ya hapo, hutunzwa gizani, na ukionyeshwa huwekewa mwanga wa takriban luksi 50 tu, sawa na mshumaa ulio sentimita 14 hivi kutoka kwenye karatasi.

Unataka kujionea? Loweka msumari wenye kutu kwenye siki kwa siku chache. Pika chai ya rangi nzito, bila sukari wala maziwa. Iache ipoe, kisha changanya hivyo viwili. Chai itageuka nyeusi mbele ya macho yako. Huo ni ndugu wa wino wa mwaloni; usiuandikie cheti chako.