Land Cruiser: Namba ya modeli ndiyo bei

Mwekezaji mdogo wa Moshi anayetafuta Land Cruiser ya kukodisha kwa kampuni za utalii hukutana sokoni na majina ya mitaani: mkonga, GX, VX, shangingi. Majina hayo hayamwambii anachonunua. Kinachomwambia ni namba ya modeli, ambayo imo kwenye kibati ndani ya boneti.

Chukua HZJ75. Herufi HZ ni za injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 yenye cc 4,164 na isiyo na turbo. J ni ukoo wa Land Cruiser, na 75 ni bodi ndefu, iliyotoka kama pikapu na kama hardtop. Mwaka 1999 Toyota ilizitenganisha: hardtop ikawa 78 na pikapu ikawa 79.

Mabadiliko hayo yanawahusu sana wauza vipuri. HZJ75 ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, na ringi za nati 6. HZJ78 na HZJ79 zina springi za koili mbele, na ringi za nati 5. Aliyejaza stoo ringi za gari la zamani hawezi kumuuzia mwenye gari la baadaye, ingawa injini ni ileile.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye magari ya kuanzia mwaka 1998. HDJ100 na HZJ105 kwa macho ni mapacha. Hata hivyo, ya kwanza ina dizeli ya turbo inayoongozwa kwa umeme, na magurudumu ya mbele kila moja hucheza peke yake. Ya pili ina 1HZ na ekseli nzima mbele. HDJ100 ni laini na ina mbio, lakini ikigoma porini huhitaji fundi mwenye kompyuta. Pampu ya 1HZ ni ya kimakanika, na mafundi wengi wanaijua. Kwa gari la biashara, raha ya kiti si hoja.

Anayelenga kupeleka wapanda mlima kwenye malango ya Marangu na Machame pekee hahitaji Land Cruiser hata kidogo. Barabara za huko ni za lami, na Hiace au Coaster hubeba watu wengi zaidi. Land Cruiser hujilipa mgeni anaposhuka mlimani akataka kwenda Serengeti au Ngorongoro, ambako magari ya fowili tu ndiyo huruhusiwa kushuka kreta.

Anayenunua kwa mkopo akumbuke pia kwamba Aprili na Mei, wakati wa masika, wageni hupungua ilhali rejesho la benki halipungui.

Magari mengi ya safari yamekatwa chasisi na kurefushwa katika karakana za Arusha. Mnunuzi alipeleke gari kwenye shimo la fundi, akague pale chasisi ilipoungwa, kabla ya kutoa hata malipo ya awali.