Vyama vya Waandishi na vya Kifaransa Shuleni: Vinamsaidia Nani?

Mtoto akifika nyumbani na kusema kwamba amejiunga na chama cha waandishi au cha Kifaransa shuleni, wazazi wengi huuliza jambo moja tu: Je, kitamsaidia kwenye mtihani? Swali hilo ni la haki. Karo ni ngumu kupatikana, na hakuna mzazi anayetaka kulipia mchezo. Lakini jibu lake si la neno moja, kwa hivyo tulieleze polepole.

Tuanze na kinachotendeka darasani. Katika karatasi ya Insha ya KCSE, mtahiniwa huandika insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, na kila moja ina alama 20. Basi mwaka mzima mwanafunzi huandika, mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu, na daftari hurudishwa. Anayesoma ni mtu mmoja, tena anasoma akitafuta makosa. Mwalimu mwenye madarasa matatu makubwa hawezi kufanya zaidi ya hapo, tusimlaumu. Lakini kijana anaweza kumaliza shule bila kumwandikia hata mara moja mtu aliyetaka kujua anachosema.

Chama kinampa msomaji. Hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Chama cha waandishi

Wanafunzi kumi au kumi na tano wanatosha. Wanakaa kwa duara. Mmoja anasoma kwa sauti alichoandika, wengine wananyamaza. Akimaliza, haruhusiwi kujitetea. Wenzake wanamwambia walipopotea njia, walipochoka, na walipotaka kusikia zaidi. "Huyu mjomba ametoka wapi ghafula?" Swali kama hilo likitoka kwa rafiki huingia ndani kuliko mstari mwekundu. Wiki inayofuata anarudi na kazi iliyoandikwa upya. Mambo ya tahajia mwalimu mlezi ayaache hadi mwisho, maana ukianza nayo, watoto waoga hawataandika tena.

Kazi iliyokomaa inabandikwa kwenye gazeti la ukutani. Gharama ni karatasi za manila, gundi na kalamu za wino mzito, basi. Libadilishwe kila baada ya wiki mbili. Gazeti likikaa muhula mzima linageuka pambo la ukuta. Wahariri nao wabadilishwe kila muhula, la sivyo chama kinakuwa mali ya wanafunzi watatu wenye Kiingereza cha kujigamba.

Wako wanaodhani haya ni mambo madogo. Pale Makerere mwaka 1958, idara ya Kiingereza ilianzisha jarida dogo la wanafunzi lililoitwa Penpoint. Kati ya vijana waliochapisha hadithi humo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, na riwaya yake Weep Not, Child, aliyoiandika akiwa bado mwanafunzi, ilitoka mwaka 1964. Si kila mwanachama atakuwa Ngũgĩ, na hakuna haja. Wengi watakuwa wakulima, wauguzi au makatibu wa vikundi vya akina mama. Lakini nani asiyejua shida ya kikundi ambacho hakina mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano, au barua ya kuomba bomba la maji ikaeleweka mara ya kwanza?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wakuu wa shule wanaliogopa. Vijana wakipewa kalamu wataandika ukweli. Wataandika juu ya chakula kibovu, juu ya viboko, juu ya msichana aliyeacha shule akiwa na mimba. Shule nyingine huamua kung'oa karatasi ukutani na kuvunja chama. Mimi naona hilo ni kosa. Afadhali kanuni ziwekwe mapema na wanafunzi wenyewe wazijue: asitajwe mtu kwa jina, asitukanwe mtu, na kila kazi isomwe na mlezi kabla ya kubandikwa. Mlezi akikataa kazi, amweleze mwandishi sababu uso kwa uso.

Tena kuna hadithi ambazo si za kubandikwa kabisa. Mara nyingine "rafiki yangu" aliye kwenye hadithi ni mwandishi mwenyewe, na anayoyasimulia yanatendeka kwao nyumbani, au hapo shuleni. Mlezi hapaswi kuisifu lugha na kuendelea mbele. Amwite mtoto faraghani, amsikilize, wala asimwahidi kwamba atakaa na siri hiyo peke yake. Amshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha, au apige simu ya bure ya watoto, namba 116. Na kama anayetajwa ni mwalimu, habari isizunguke kwenye chumba cha walimu kwanza. Mzazi anayeuliza chama kina faida gani na afikirie hilo pia. Huenda ndiyo mara ya kwanza mtoto kupata mahali pa kusema.

Chama cha Kifaransa

Kifaransa ni somo la hiari, na shule nyingi za mashambani hazina mwalimu wake. Watu huuliza, ya nini? Angalia majirani zetu. Kongo, Burundi na Rwanda zote zinatumia Kifaransa kama lugha rasmi. Mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Kongo ikajiunga. Dereva wa lori anayepeleka mizigo Goma au Bujumbura, karani wa forodha, mfanyakazi wa shirika la misaada kule Kakuma, wote hao lugha hiyo inawafaa.

Tena anayejua Kiswahili haanzii sufuri. Mwingereza anasumbuka kuona kwamba kivumishi cha Kifaransa hubadilika kufuata nomino: un grand livre, lakini une grande maison. Kwetu ni jambo la kila siku, kitabu kikubwa, nyumba kubwa. Tunaposema "ninamwona", yule anayeonwa tunamtaja kabla ya kitendo chenyewe. Mfaransa naye husema je le vois, na le iko papo hapo, kabla ya kitendo. Hata divai ya kwenye Misa, wataalamu husema neno hilo lilitokana na du vin la Kifaransa. Shida iko kwenye matamshi. Kuna sauti za puani, kuna ile u ya tu, na kuna herufi za mwisho zinazoandikwa bila kutamkwa: il parle na ils parlent husikika sawa. Haya huwezi kuyapata kitabuni. Unahitaji kusikia mtu.

Ndipo parokia inapoweza kusaidia. Katika nyumba nyingi za watawa hapa nchini mna masista na mapadre kutoka Kongo, Burundi au Kamerun, na katika mitaa ya Nairobi kama Kayole wanaishi familia za Wakongo. Aombwe mmoja aje saa moja kwa wiki, mwalimu akiwepo chumbani wakati wote, aongee na vijana habari za kawaida: sokoni, safarini, hospitalini. Wimbo na michezo mifupi ya kuigiza hufaa kuliko kukariri vitenzi, na tamasha la drama la shule huwa na nafasi ya michezo ya Kifaransa.

Vyama hivi viwili vinaweza kutumia ukuta mmoja. Waandishi wanakusanya ngano kutoka kwa nyanya zao na kuziandika kwa Kiswahili. Wa Kifaransa wanazifasiri, na zote mbili zinabandikwa bega kwa bega.

Katika shule za kutwa, msikutane jioni. Wasichana wengi wana maji ya kuteka na wadogo zao wa kuangalia, na mtawapoteza hao kwanza. Saa ya chakula cha mchana inatosha. Kumbukumbu na hadithi za zamani zitunzwe kwenye maktaba, si kwenye droo ya mlezi, maana mwalimu akihamishwa huondoka na vitu vyake, na anayekuja nyuma yake hukuta meza tupu.