Wakili wa Kesi ya Konokono: Alishindwa Kwanza, Akashinda Baadaye

Mwanafunzi wa sheria hamalizi chuo bila kukutana na konokono. Kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ndiyo mlango wa somo la madhara: mama mmoja alikunywa soda ya tangawizi, chupani akatoka konokono aliyeoza, na mahakama ikasema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji. Tunaikariri, tunaimwaga kwenye mtihani, tunasonga mbele. Jina la wakili aliyeibeba kesi hiyo huwa halimo kwenye desa. Aliitwa Walter Leechman, na safari yake inaonyesha kazi ya wakili wa fidia za majeraha vizuri kuliko hukumu yenyewe.

Uskoti ina mawakili wa aina mbili: wanaompokea mteja na kuandaa kesi, na wanaosimama kubishana mbele ya majaji. Leechman alikuwa wa aina ya kwanza. Alikuwa na ofisi yake Glasgow, na pia alikuwa diwani wa jiji hilo. Kabla ya konokono alikuwa ameshashughulikia panya. Wateja wake walidai kuwa soda ya tangawizi waliyokunywa ilikuwa na panya aliyekufa chupani. Machi 20, 1929 mahakama ya rufaa ya Uskoti ikawaambia hawana chao. Sababu? Hawakuwa na mkataba na kiwanda. Sheria ya wakati ule ilisema hivi: kama hukununua kwake moja kwa moja, mtengenezaji si mtu wako, labda awe amekudanganya au bidhaa yenyewe iwe ya hatari kwa asili yake.

Wakili mwingine angefunga faili na kutafuta kazi za mirathi na viwanja. Leechman hakumaliza hata wiki tatu. Aprili 9, 1929 akafungua kesi nyingine ya aina ileile, safari hii kwa niaba ya May Donoghue, muuza duka wa Glasgow aliyekuwa ametengana na mumewe. Agosti 26, 1928 mama huyo alikuwa kwenye mgahawa mjini Paisley. Rafiki yake ndiye aliyelipia soda, kwa hiyo May hakuwa na mkataba hata na mwenye mgahawa. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huoni ndani. Alidai kuwa aliugua tumbo na kupata mshtuko, na akataka fidia ya paundi 500.

Jaji wa kwanza akakubali kwamba kesi inaweza kusikilizwa. Kiwanda kikakata rufaa, na Novemba 1930 majaji walewale wa kesi ya panya wakaitupa. Ikabaki Nyumba ya Malodi kule London, iliyokuwa ngazi ya juu kabisa. Kufika huko kulihitaji pesa ya dhamana ya gharama, na May hakuwa nayo. Ikabidi aape kwamba hana hata paundi tano duniani, apewe ruhusa ya kuendesha kesi kama fukara. Mei 26, 1932 malodi watatu dhidi ya wawili wakampa ushindi. Lord Atkin ndiye aliyeandika ile kanuni ya jirani: uwe mwangalifu usimdhuru yule ambaye ungepaswa kumfikiria unapotenda.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mtihani hauulizi. Malodi hawakuamua kama konokono alikuwepo. Waliamua tu kwamba kama alikuwepo, May ana haki ya kudai. Kabla ushahidi haujasikilizwa, mwenye kiwanda akafariki, na inaelezwa kuwa madai yalimalizwa nje ya mahakama kwa paundi 200. Kesi maarufu kuliko zote za madhara iliishia mezani, kwa makubaliano, na hakuna aliyewahi kumthibitisha konokono.

Hapo ndipo kazi hii inapoonekana ilivyo. Hotuba kali mahakamani ni sehemu ndogo tu. Wakili wa majeraha hushinda au kushindwa kwa vitu vitatu: mteja ambaye mara nyingi hana pesa, ushahidi unaopotea haraka, na ujasiri wa kujua lini ukubali kumalizana na lini ugome. Marekani mawakili wengi wa fani hii hulipwa asilimia ya fidia, na mteja akikosa, wakili naye hali. Ndiyo maana huchagua kesi kwa makini sana, na yenye malipo madogo inaweza kukosa wa kuibeba.

Kwetu Tanzania hakuna leseni ya peke yake ya fani hii. Unasoma shahada ya sheria, unakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha unaomba kwa Jaji Mkuu uandikishwe kuwa wakili. Ubobezi unakuja kwa faili unazozishika. Na faili zipo tele, kwa sababu bodaboda na daladala ndiyo miguu yetu.

Kwa hiyo hata wewe unayesoma uhandisi au ualimu, hili linakuhusu. Ukigongwa, jambo la kwanza ni matibabu, na PF3 ya polisi inaambatana nayo. Nakala yake itunze. Tunza pia risiti za hospitali, picha za eneo, namba ya chombo na namba za simu za mashahidi. Angalia kama chombo kina bima: kila chombo cha moto kinatakiwa kiwe na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo, na imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Kama umeumia kazini ukiwa mwajiriwa, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao hauulizi nani alizembea. Madai ya madhara yana ukomo wa miaka mitatu, ukichelewa mlango unafungwa. Na kama huna kitu mfukoni, vituo vya msaada wa kisheria kama LHRC vipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inavitambua.

Adui mkubwa wa haya yote ni lile neno "tuyamalize kienyeji", linalosemwa palepale barabarani huku damu ikivuja. Kumalizana si dhambi, hata May alimalizana. Tofauti ni kwamba yeye alikaa mezani akiwa na hukumu mkononi na wakili aliyekataa kuchoka. Anayepokea elfu hamsini kabla hata ya kupiga eksirei anauza mguu ambao hajui kama umevunjika.

Wenzangu mnaosoma sheria, wengi wetu tunaota ofisi za mikataba ya gesi na benki, na si vibaya. Lakini kila mwaka watu wataendelea kugongwa, kuungua viwandani na kuugua kwa kula kilichooza. Watahitaji mtu ambaye, akipigwa chini kwenye kesi ya panya, wiki tatu baadaye anafungua ya konokono.