Spea za Raleigh: mali ya kuuzwa kwa kipande inapimwa kwa kilo

Baiskeli ya Raleigh ya mwaka 1959 inayobeba madumu ya maji leo haihangaiki kupata spea za kuiweka barabarani. Kazi inaanza pale mwenyewe anapotaka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Hapo biashara zinakuwa mbili. Mafundi wetu wanaimudu ya kwanza kwa ustadi wa kuheshimika, lakini ya pili, ambayo ndiyo yenye faida nono, inawapita mikononi.

Raleigh ilizaliwa Nottingham, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1880. Baiskeli zake nyeusi zenye breki za fimbo zilikuja kuwa usafiri wa makarani, walimu na wachuuzi wa samaki kuanzia pwani hadi maziwa makuu. Kiwanda hicho kiliacha kuunda fremu mwaka 1999, na mwaka 2002 kikafunga milango. Sturmey-Archer, waliotengeneza habu zake za gia tatu, walikuwa wameshaanguka mwaka 2000 na jina lao kununuliwa na SunRace ya Taiwan.

Spea hazikwisha kwa sababu India iliendelea kuunda baiskeli ya muundo uleule. Hero, iliyoanza mwaka 1956 katika jiji la Ludhiana, na jirani yake Avon, wamekuwa wakitoa baiskeli nyeusi za tairi la 28 kwa inchi moja na nusu kwa miongo mingi. Rimu ya nyuma ina matundu 40 na ya mbele 32, kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza. Kwa hiyo rimu, spoki, tairi, fimbo za breki na madigadi za Kihindi zinaingia kwenye baiskeli ya babu bila ugomvi mkubwa. Mchina naye analeta Phoenix. Tahadhari ni moja: tairi la baiskeli za mbio za kisasa, ingawa watu huliita la 28, hukaa kwenye rimu ya milimita 622, na hili la zamani linataka 635. Tofauti ya milimita 13 inatosha kumfanya mteja arudishe mzigo dukani.

Ugumu halisi uko kwenye vikombe vya gololi vya ekseli ya pedeli. Watengenezaji wengi wa Uingereza walitumia thredi 24 kwa inchi, lakini Raleigh wakachagua 26 zao wenyewe. Kikombe cha thredi 24 huanza kuingia vizuri, kinazunguka kidogo, halafu kinakaza. Fundi mwenye haraka akiongeza spana ndefu, anakula thredi za fremu, na fremu ikishaliwa hapo hakuna spea ya kuirudisha. Fundi makini hupima kwanza, au huchukua kikombe cha zamani akakilinganisha na kipya mezani.

Pini ya kota, ile inayobana krenki kwenye ekseli, nayo inataka subira. Nyingi za Uingereza ni milimita 9.5, za Ufaransa milimita 9, na uso wake bapa hupigwa tupa mpaka krenki mbili zikae kwenye mstari mmoja. Wakati wa kuitoa, weka kipande cha bomba chini ya krenki kikishika uzito ndipo ugonge. Ukigonga bila egemeo, pigo zima linapokelewa na gololi na vikombe, na umeshajitafutia gharama nyingine.

Sasa tuje kwenye ile biashara ya pili. Mkusanyaji wa Uingereza au Marekani analipia kile ambacho fundi wetu hukitupa: nembo ya kichwa cha korongo iliyo mbele ya fremu, kiti cha ngozi cha Brooks, rangi ya kiwandani hata ikiwa imechubuka. Habu ya Sturmey-Archer hubeba hata ushahidi wa umri wake. Karibu na chapa ya modeli ya AW zimepigwa tarakimu, na 59 ikifuatwa na 3 maana yake ni Machi 1959. Mwenye kupaka rangi mpya ili baiskeli ipendeze amepunguza bei yake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kutu, asidi ya oksaliki iliyozimuliwa kwa maji, huku fundi amevaa glavu, huila taratibu na kwa kawaida huiachia rangi salama.

Mahitaji ya kila siku yamepungua tangu pikipiki zishike njia. Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, bodaboda ya baiskeli, iliyoanzia mpakani Busia, ilianza kukosa abiria, na maduka yakageuza rafu zao kuwa za spea za pikipiki. Baiskeli nyingi zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inauma kuona habu nzima ya gia tatu ikitupwa kwenye mizani pamoja na mabati, kwa bei ileile ya kilo.

Mwenye duka la spea mwenye mtaji mdogo ana nafasi hapa. Amwahidi mnunuzi wa chuma chakavu bei inayozidi ile ya kilo kwa habu, viti, nembo, kengele na dinamo, avisafishe, asome tarakimu, apige picha zinazoonyesha thredi na chapa, kisha auze kimoja kimoja. Vingi vinaingia kwenye kifurushi kidogo cha posta. Fremu zibaki hapa. Nauli ya kuzisafirisha inakula faida.