Visima vya Shinyanga Vilivyoonekana Baharini

Kuna jedwali moja la data ambalo wanafunzi wa sayansi ya data duniani kote hulifanyia mazoezi. Ndani yake mna vituo vya kuchotea maji 1,812 vya Tanzania ambavyo, ukivichora kwenye ramani, havionekani Tanzania. Vinaonekana katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana, pale ikweta inapokatana na longitudo ya sifuri. Kwa mujibu wa jedwali lenyewe, vyote viko mikoa ya Mwanza na Shinyanga.

Jedwali hilo limetokana na kazi kubwa. Mistari yake mingi ilirekodiwa kati ya 2011 na 2013, watu walipozunguka vijijini wakiandika kituo kimoja baada ya kingine. Data hizo za Wizara ya Maji na za jukwaa lililoitwa Taarifa zilichukuliwa na DrivenData ya Marekani, inayoendesha mashindano ya uchambuzi wa data, ikazifungulia kila anayetaka kujaribu. Mistari ni 59,400, na kila mstari ni kituo kimoja: bomba la jumuiya, kisima cha pampu ya mkono, chemchemi iliyojengewa. Safu ni karibu 40. Nani alifadhili, nani alijenga, mwaka gani, kitongoji, kata na halmashauri gani, wananchi hulipa kwa ndoo au kwa mwezi, maji yanatosha au hayatoshi. Swali la shindano ni moja: kituo hiki kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, au kimeacha kabisa kutoa maji?

Vijana wengi wanaotamani kazi ya sayansi ya data huanza kwa kuuliza wajifunze Python au R. Lugha yoyote kati ya hizo mbili itakufikisha. Kinachomjenga mwanasayansi wa data, na ambacho waajiri hukitafuta kwa tabu, ni mazoea ya kuitazama namba na kujiuliza ilifikaje pale. Jedwali la visima linafundisha hilo kuliko kozi nyingi ninazozijua.

Chukua safu ya mwaka wa ujenzi. Iambie kompyuta ikupe wastani nayo itakupa, bila aibu, mwaka 1300. Mwaka 1300 hapakuwa na pampu ya mkono Tabora wala kwingineko. Ukirudi kwenye safu utakuta zaidi ya vituo 20,000 vimeandikiwa mwaka wa ujenzi sifuri, na hizo sifuri ndizo zilizouvuta wastani nyuma kwa takribani karne saba. Safu ya idadi ya watu wanaotumia kituo ina tatizo hilohilo, na zaidi ya theluthi yake ni sifuri. Je, kisima hakina mtumiaji, au hakuna aliyehesabu? Yeyote aliyewahi kufanya udadisi vijijini anajua jibu moja linalowezekana. Fomu isiyokubali kuachwa tupu humlazimisha mdadisi kuandika chochote ili aende swali linalofuata, na sifuri ndiyo iliyo karibu. Sifuri hiyohiyo, ikikaa kwenye safu za longitudo na latitudo, ndiyo iliyovipeleka visima vya Shinyanga baharini. Kwenye kimo kutoka usawa wa bahari, mambo yanahitaji akili zaidi. Kituo cha pwani ya Mtwara kikiandikiwa kimo cha sifuri, huenda ni kweli. Cha Mbeya, kamwe.

Halafu kuna safu ya waliojenga. Jina linaloongoza, lenye vituo zaidi ya 17,000, ni DWE. Mwanafunzi wa Chicago anaweza kudhani ni kampuni kubwa ya uchimbaji. Mtu aliyekulia karibu na ofisi za halmashauri anajua kuwa hizo ni herufi za mhandisi wa maji wa wilaya, kwa hiyo visima hivyo vilijengwa na serikali. Chini yake utaikuta serikali hiyohiyo imeandikwa kwa tahajia tofauti tofauti, nyingine zikiwa zimekatwa katikati ya neno. Kompyuta huzihesabu kama wajenzi tofauti mpaka mtu aziunganishe, na hapo ndipo kijana wa Singida anapomzidi yule wa Chicago kabla hajaandika mstari wowote wa programu. Faida hiyo ni halisi, na nasikitika kila ninapoona vijana wetu hawaitumii.

Data zikishasafishwa, huingia modeli. Kwenye jedwali hili wengi huanza na mbinu ya msitu wa miti ya maamuzi, iliyoelezwa na mtakwimu Leo Breiman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2001. Mti mmoja wa maamuzi ni mfululizo wa maswali. Maji yanatosha? Kama hayatoshi, pampu ni ya aina gani? Kama ni ya mkono, ilijengwa kabla ya 1990? Mwisho wa tawi ni jibu. Tatizo la mti mmoja ni kwamba hukariri: ukiuachia ukue utaandaa tawi kwa karibu kila kisima ulichokiona, kisha utababaika mbele ya kisima kipya. Breiman alipendekeza miti mingi, mamia hata, kila mmoja ukifunzwa kwa sampuli yake ya mistari iliyookotwa kwa bahati nasibu, na kila swali likichaguliwa kutoka safu chache tu zilizookotwa vivyo hivyo. Kwa kuwa miti haikuona mambo yaleyale, makosa yake hayafanani. Inapopiga kura, mengi ya makosa hayo hufutana.

Ukijibu tu kwamba kila kituo kinafanya kazi, bila modeli yoyote, utapata asilimia 54, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya vituo vinavyofanya kazi. Msitu uliotunzwa vizuri hukufikisha kama asilimia 80. Wengi hufurahi hapo, huweka matokeo kwenye GitHub, na huandika kwenye wasifu wao kwamba wametatua tatizo la maji vijijini.

Fungua hiyo asilimia 80 uone ilivyopatikana. Zaidi ya vituo 6,000 vimeandikwa kuwa vikavu, na takribani asilimia 97 ya hivyo havifanyi kazi. Modeli inajifunza haraka kwamba kisima kikavu hakitoi maji, jambo ambalo mtoto anayetumwa na ndoo analijua. Ukavu na uharibifu vilirekodiwa siku moja, katika ziara moja. Mhandisi anayetaka kujua ni pampu zipi zitakufa mwakani hana safu hiyo ya mwakani mkononi. Kwa hiyo sehemu ya ushindi ule haina thamani kwake.

Upande wa pili kuna kundi dogo, vituo 4,317, takribani asilimia 7, vinavyofanya kazi lakini vinahitaji matengenezo. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo kundi lenye thamani kuliko yote. Kubadilisha vifaa vilivyochakaa kwenye pampu inayotoa maji ni nafuu sana kuliko kuifufua iliyokufa, na wananchi hawajarudi kwenye maji ya bwawa. Kwenye kundi hilohilo modeli nyingi hufanya vibaya mno, mara nyingi zikilitambua kwa chini ya nusu, kwa sababu ni dogo na alama ya jumla haitikisiki sana ukilipuuza. Mwanasayansi wa data anayestahili mshahara ndiye anayeligundua hili mwenyewe, bila kuambiwa.

Kuna mtego mwingine, huu hata wazoefu huwanasa. Ukigawa mistari kwa bahati nasibu, sehemu ya kufunzia na sehemu ya kupimia, visima viwili vya kitongoji kimoja, vilivyojengwa na mradi mmoja mwaka mmoja, huenda vikatengana pande mbili. Modeli inajibu mtihani wa kisima cha pili kwa kumkumbuka jirani yake. Alama zinapanda, lakini ipeleke kwenye mkoa ambao haijawahi kuuona nazo zinashuka. Dawa yake ni rahisi: ficha mkoa mzima, tuseme Rukwa, funza modeli kwa mikoa iliyobaki, kisha ipime Rukwa. Ni kazi ya mchana mmoja, na inaonyesha ukomavu kuliko cheti.

Cheo chenyewe cha mwanasayansi wa data ni kipya. DJ Patil wa LinkedIn na Jeff Hammerbacher wa Facebook ndio wanaotajwa kukianzisha mwaka 2008 walipotafuta namna ya kuziita timu zao. Mwaka 2012 jarida la Harvard Business Review likachapisha makala iliyokisifu kama kazi yenye mvuto kuliko zote za karne hii, na tangu hapo vyuo na wauza kozi hawajapumzika. Kwetu Afrika Mashariki, mlango wa kwanza mara nyingi hauna jina hilo. Huandikwa mchambuzi wa data kwenye benki au kampuni ya simu, au msimamizi wa data kwenye utafiti wa afya kama wa Ifakara au Kilifi, au afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa maendeleo. Usiidharau hiyo ya mwisho. Huko ndiko utakapobuni fomu za kukusanyia data kwa simu, utasafiri na wadadisi, na utaona kwa macho yako sifuri inavyozaliwa.

Kuhusu cha kujifunza, nina msimamo. Anza na takwimu, yaani uwezekano, sampuli, na tofauti kati ya mambo mawili kwenda pamoja na moja kusababisha jingine. Kisha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa sababu data za kazini hukaa humo na utaitumia tangu wiki ya kwanza. Python au R hufuata, na modeli kubwa kubwa baadaye. Kompyuta ya kawaida inatosha, na panapohitajika nguvu zaidi, Google Colab na Kaggle hutoa mashine za bure mtandaoni kwa gharama ya kifurushi chako cha intaneti.

Unapotafuta kazi ya kuonyesha, waachie wengine abiria 891 wa meli ya Titanic, ambao kila anayeanza hukimbilia kuwachambua. Jukwaa la Zindi, lililoanzishwa Cape Town mwaka 2018, lina mashindano yanayohusu bara hili. Mojawapo hutumia majibu ya watu wapatao 33,600 wa Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda kubashiri nani ana akaunti ya benki. Humo nako tahadhari: wenye akaunti ni takribani asilimia 14, hivyo modeli inayosema hakuna mwenye akaunti hupata asilimia 86 bila kujua chochote. Anayeiweka alama hiyo kwenye wasifu wake bila maelezo huulizwa swali moja tu kwenye usaili na mambo huishia hapo.

Data za watu zina uzito ambao data za pampu hazina. Modeli ikikosea kisima, gari la mafundi litapoteza safari. Ikikosea mwombaji wa mkopo wa simu, mama mwenye genge atanyimwa mtaji bila kuelezwa sababu. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Zisome mwenyewe, usimwachie mwanasheria wa kampuni. Wewe ndiye utakayeunganisha majedwali, na wewe ndiye utakayejua kwanza kwamba namba ya simu, kitongoji na tarehe ya kuzaliwa vikikaa pamoja vinamfichua mtu hata jina likifutwa.

Rudi sasa kwa mhandisi wa maji wa wilaya, mwenye gari moja na bajeti ya kutengeneza pampu chache tu kabla ya kiangazi. Alama ya msitu wako haimsaidii. Anataka orodha: aanze wapi. Ili uipange unahitaji uwezekano wa kila pampu kuharibika, idadi ya watu wanaoitegemea, umbali wa chanzo kingine cha maji na bei ya vipuri vya aina ile. Baadhi ya hayo hayamo kwenye jedwali, na data zenyewe zina zaidi ya miaka kumi. Basi chagua halmashauri moja unayoifahamu. Wapigie simu wenyeviti wa vijiji, au wanakamati wa watumia maji, uwaulize pampu zao ziko katika hali gani leo, ulinganishe na modeli yako ilivyosema. Matokeo yaandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, jedwali moja na ramani moja, pamoja na pale modeli ilipokosea na sababu unayoishuku. Upeleke kwa mhandisi kabla hujaupeleka kwa mwajiri, kwa kuwa masahihisho atakayokupa huyapati kwenye kozi yoyote.