Mzazi Asinyamaze Makumbushoni

Likizo zifikapo, baadhi ya wazazi wa Kitui na Makueni hujinyima, wakauza mbuzi au gunia la ndengu, wakawapeleka watoto wao Nairobi kutwa moja. Hilo ni jambo la kupongezwa. Linalonikera mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, ni kimya cha mzazi mara afikapo huko. Ndani ya Makumbusho ya Taifa yeye husimama nyuma akiwa ameshika mkoba wa chakula, huku mwanawe wa shule ya upili akisoma kwa sauti maelezo ya Kiingereza yaliyobandikwa ukutani. Ualimu wake ameuacha langoni.

Waama, ana mengi ya kusema. Chukua mifupa ya yule aitwaye Mvulana wa Turkana, aliyeishi takribani miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kipande cha kwanza kiliokotwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni. Masomo yake hayakupita shule ya msingi. Aliajiriwa na akina Leakey kuchimba huko Olduvai, akayazoeza macho yake kutofautisha jiwe na mfupa pale ambapo wengine waliona changarawe tupu. Mwaka 1985 alitunukiwa nishani ya National Geographic na Rais Reagan wa Marekani. Akafariki mwaka 2022. Wanasayansi wamempa sokwe mmoja wa kale jina la Kamoyapithecus, yaani jina la Kikamba limefungwa mkia wa Kigiriki! Kila mwaka mimi huwauliza wanafunzi wangu kama wanamjua mtu huyu. Wanaoinua mkono ni wachache, na hata watoto wa Makueni hutazamana.

Vivyo hivyo kwa sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1970 na kufa mwaka 1974. Mzazi aseme bila haya kuwa huyu ni nzou. Jirani Mkikuyu atasema njogu, na mtoto atakuwa amepata somo la kwanza la isimu linganishi pasipo kulipa karo. Ndiyo maana napenda neno makumbusho: limetokana na kukumbusha, na hukumbushwa aliye na jambo lake la kukumbuka.

Kutoka hapo hadi Jumba la Taifa la Maigizo ni mwendo wa miguu. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Mnamo Oktoba 1976 ulichezwa humo mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, baada ya mvutano mkubwa wa kupata siku chache tu za jukwaa. Hadhira iliungana na waigizaji, ikatoka nje ikiimba. Watoto wetu leo huenda pale kutazama tamthilia zilizoteuliwa kwa mtihani, wakiandika majina ya wahusika katika daftari. Si vibaya. Lakini mwalimu aliyewaeleza kisa cha 1976 kabla hawajaketi atakuwa amewapa zaidi ya alama. Na nyanya aliyewahi kucheza kilumi ana haki ya kuuliza kwa nini hapa watazamaji hawaitikii.

Jioni, basi la kurudi Wote au Kitui hupita karibu na Syokimau. Jina hilo ni la nabii mwanamke wa Wakamba anayesimuliwa kuwa alitabiri ujio wa nyoka mrefu kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Kwa Kikamba nyoka ni nzoka. Hapo hakuna kibandiko cha kusoma, na mtoto wa shule ya upili hana budi kumgeukia mama yake.