Wakala yuko mita 550: programu yetu inajuaje, na uiamini kiasi gani?

Tuseme ni saa 1 jioni. Umeshuka matatu kwenye mtaa usioujua, mtoto anahitaji dawa na duka la dawa linataka keshi. Unafungua programu yetu, unabonyeza "Tafuta wakala", nayo inakuambia: mita 550, kaskazini mashariki. Je, uanze kutembea?

Wateja wengi hutuuliza namba hiyo inatoka wapi. Leo tunaeleza, kwa sababu ukijua inavyopatikana utajua pia pale ambapo inaweza kukupoteza.

Simu inajuaje ulipo?

Ndani ya simu yako kuna kipokezi cha GPS, mfumo wa setelaiti wa Marekani. Setelaiti hizo ziko juu kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika, ikapata umbali. Inahitaji setelaiti 4 ama zaidi: tatu za kukupata wewe, na ya nne ya kurekebisha saa ya simu yenyewe. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300!

Kupokea mawimbi ya GPS hakuli bando. Simu inasikiliza tu, haitumi chochote kwa setelaiti. Kinachokula bando ni ramani na orodha ya mawakala.

Hesabu ya mita 550

Simu hupata namba mbili: latitudo na longitudo. Kwa kuwa Kenya iko kwenye ikweta, digrii 1 ya kila moja ni karibu kilomita 111, kwa hivyo sehemu 1 ya elfu ya digrii ni mita 111.

Kama wakala yuko sehemu 3 kaskazini na sehemu 4 mashariki, tunatumia ile hesabu ya pembetatu ya shuleni: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na kipeuo chake cha pili ni 5. Mara 111, unapata mita 555. Mtu akitembea kawaida, ni kama dakika 7.

Mstari hauoni ukuta

Lakini hizo ni mita za ndege. Katikati panaweza kuwa na reli, mto ama ukuta wa shule, na safari ya dakika 7 ikawa nusu saa. Ndiyo maana mstari ulionyooka hautoshi. Programu huchukua njia za ramani, ikazikata vipande kati ya makutano, ikajumlisha urefu wa vipande na kuchagua jumla iliyo fupi zaidi.

Hapo sasa kila kitu kinategemea ramani. Kichochoro ambacho hakijachorwa, kwa programu hakipo. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walitembea mtaani mwao na vifaa vya GPS vya mkononi, wakachora njia, maduka na vyoo kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia. Kabla ya hapo, kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa kama mahali patupu, na huku watu waliishi hapo miaka yote.

Programu haijui nini?

Haijui kama njia ina taa. Haijui kama wakala amefunga mapema ama ameishiwa na floti. Na njia fupi si lazima iwe njia salama. Kwa hivyo:

- Tazama njia yote kwanza, ikariri, kisha weka simu mfukoni. Usitembee ukiishika mbele yako.
- Penye anga wazi GPS hukosea kwa mita 5 hivi. Kati ya majengo marefu hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi hugonga kuta. Mshale ukiyumba, simama mbele ya duka lililo wazi na usubiri kidogo.
- Usiku, fuata barabara yenye watu hata kama ni ndefu zaidi.
- Ruhusu programu ione mahali ulipo wakati unapoitumia tu.
- Kutafuta wakala hakuhitaji PIN. Ukipata ujumbe unaokuomba uweke PIN "kuthibitisha mahali ulipo", huyo ni tapeli. Ufute.

Ukifika ukute wakala amehama ama njia imefungwa, bonyeza "Ripoti" kwenye programu. Utamwokolea mwenzako safari ya bure, pengine usiku, pengine naye akiwa anatafutia mtoto dawa.